Hekalu lililoandikwa kama leja: siku yangu moja Thanjavur

Nianze kwa kukiri, mimi sio mtu wa majengo. Mimi mhasibu, miaka kumi na kitu nimekaa na vocha na risiti, ukinipeleka sehemu ya kihistoria nazunguka dakika ishirini nimeshachoka natafuta kivuli na soda. Kwa hiyo nilivyoanza kupost picha za hekalu la Wahindu kwenye status, picha kama arobaini hivi siku moja, watu walinipigia kuuliza kama simu imeibiwa. Haikuibiwa. Kilichonitokea ndo hiki naandika hapa, na ni kirefu, kwa hiyo wenye haraka tuonane post ijayo.

Januari ile nilikuwa Chennai, nimemsindikiza mama mdogo kwenye matibabu ya moyo. Waliowahi kuuguza India wanayajua yale maisha, asubuhi hospitali, mchana unasubiri majibu, jioni unazunguka mtaani unatafuta unga wa mahindi wapike hata kaugali ka kudanganyia tumbo maana wali na sambar, mchuzi wao wa dengu, siku ya tano unakuwa hauteremki tena. Neno la kwanza la Kitamil nililoshika lilikuwa akka. Ni dada mkubwa. Pale wodini kila mwanamke ni akka, nesi akka, anayepiga deki akka, na mama mdogo mwenyewe siku ya pili tu alishakuwa akka wa wodi nzima, wakati hajui hata neno moja la kuwajibu zaidi ya kucheka. Likumbukeni hilo neno.

Ikaingia Pongal, sikukuu yao ya mavuno, kliniki ikafungwa siku kadhaa na vipimo vyetu vikabaki hukohuko maabara. Binti yake mama mdogo tulikuwa naye, kwa hiyo mgonjwa alikuwa na mtu. Mama mdogo akaniangalia siku ya kwanza, ya pili akasema, "Baba, usikae hapa unanikodolea kama mimi saa ya ukutani. Nenda katembee." Mwenye lodji akadakia eti nitakuwa nimefika Tamil Nadu bure kama sijaona Periya Kovil, yaani Hekalu Kubwa, lipo Thanjavur, kusini huko, kilomita mia tatu na kitu. Treni zilikuwa zimejaa mpaka mlangoni kwa ajili ya sikukuu, nikadandia basi la usiku, siti ya nyuma juu ya tairi, nikafika alfajiri shingo imekakamaa.

Sasa, mimi mahekalu ya Wahindu nayajua ya Kisutu pale Dar, nimepita mbele yake maisha yangu yote, na nilidhani nakwenda kuona la hivyo ila kubwa. Hapana. Yale ya kwetu ni ya watu wa Gujarat na Kutch, kaskazini magharibi ya India, na kusini wanajenga kwa namna yao kabisa. Hili la Thanjavur lilijengwa na mfalme wa ukoo wa Chola anaitwa Rajaraja wa Kwanza, aliyetawala 985 hadi 1014, na likakamilika 1010. Lina zaidi ya miaka elfu moja na bado asubuhi ile watu walikuwa wanaingia na nazi na maua kama vile limefunguliwa mwaka jana. Kiingilio hamna. Viatu unaacha nje, na sakafu saa kumi na mbili asubuhi ni baridi mpaka unatembea kwa vidole, mchana hiyohiyo inakuwa kikaango, nitafika huko.

Unaingia kwa mageti, moja halafu jingine. Ukiwa umeona picha za mahekalu ya kusini, kwa mfano la Madurai, unajua yale mageti yao marefu yenye masanamu ya rangi mamia kwa mamia, geti ndo refu kuliko kitu chochote na ndani patakatifu ni kajengo kadogo hukaoni. Ule ni mtindo uliokuja baadaye. Hapa Thanjavur ni kinyume, mageti ni mafupi, mapana, yametulia, halafu ukishapita geti la pili ndo unaona mnara, na mnara upo juu ya chumba cha mungu mwenyewe. Mimi hii niliipenda. Kule kwingine mlango unakuambia habari yote ukiwa bado barabarani, hapa mlango unakunyamazia mpaka uingie.

Kwenye geti la pili kuna walinzi wawili wa jiwe, kila mmoja jiwe moja zima, warefu kuliko basi la ghorofa, mikono minne. Mlinzi amekanyagia rungu, rungu limezungukwa na nyoka, na nyoka anameza tembo. Tembo mzima, unaona kichwa na mkonga vinavyobaki nje. Nilisimama pale nikaanza kupiga hesabu mwenyewe kabla hata sijaambiwa na mtu: kama tembo ni tonge la nyoka, na nyoka ni pambo la rungu, na rungu ni la askari wa getini tu, huyo bosi wa ndani ana ukubwa gani? Na yule askari mkono mmoja ameuinua kwa kushangaa, anaelekeza ndani. Yaani somo zima la dini limekaa kwenye kijiwe cha ukubwa wa tembo wa kuchezea watoto.

Halafu mnara. Urefu wake ni mita sitini na kitu, kama jengo la ghorofa ishirini, na wote ni graniti. Una ngazi 13 zinazopungua kadiri zinavyopanda, kama piramidi yenye kiuno chembamba, juu kabisa kuna kuba la mawe na juu yake chungu cha shaba kilichopakwa dhahabu. Mawe yamepangwa bila saruji, bila chokaa katikati, yamekaliana kwa uzito na kwa kuchongwa yashikane. Na ndani mnara ni tupu. Chumba cha chini kina kuta mbili, moja ndani ya nyingine, katikati yake kuna ujia wa kuzunguka, halafu juu mafundi wakawa wanasogeza kila mstari wa mawe kidogo kuelekea ndani, kidogo tena, kidogo tena, mpaka pande nne zikakutana juu. Ukiwa mbele ya linga, lile jiwe la mviringo lililosimama linalomwakilisha mungu Shiva, na hilo linga lenyewe ni refu kupita mtu yeyote, juu yake kuna giza tupu linalopanda mnara mzima.

Kingine cha kujua, Thanjavur ipo kwenye delta ya mto Kaveri, ni mashamba ya mpunga mpaka unachoka kuangalia, udongo, matope, miwa. Mwamba wa graniti haupo pale. Jiwe lote lililetwa kutoka makumi ya kilomita. Na hapa ndo hadithi zinapoanza, utaambiwa kuba la juu ni jiwe moja la tani 80, na lilipandishwa kwa tuta la udongo lililoanzia kijiji kinachoitwa Sarapallam, kilomita kama sita, tembo wakalivuta mdogomdogo. Wengine wanasema hapana, kuba ni vipande kadhaa vimeungwa. Mimi siingii kwenye ugomvi huo, hata kama ni vipande bado mtu alivipandisha mita sitini mwaka 1010, bila krini.

Hadithi ya pili nayo niliiingilia kwa miguu yangu. Kila mtu, kuanzia mwenye lodji mpaka muuza nazi, alinihakikishia kwamba mnara hauna kivuli, yaani saa sita mchana kivuli chake hakigusi ardhi, maajabu ya wahandisi wa Chola. Haya, mimi ni mhasibu, ukiniambia kitu nataka nione kiambatanisho. Nikasubiri. Saa sita sakafu imeshakuwa kikaango, watu wanarukaruka kama wapo kwenye mbio za magunia, nikazunguka mnara upande wa kusini, jua kali, mashariki jua, nikafika kaskazini. Kivuli hiki hapa. Kizuri, kipana, kimelala sakafuni, kimejaa akina mama na watoto wamekaa wanakula ndizi. Nikakaa nao. Miezi jua linapokuwa juu kabisa ya kichwa labda kinajificha chini ya mnara wenyewe, lakini Januari kipo, mimi nimekikalia kwa makalio yangu na nashukuru kilikuwepo.

Na kukaa pale ndo kulinibadilishia safari.

Kwa sababu ukuta niliouegemea ulikuwa na maandishi. Mi nilidhani ni nakshi. Mistari, mistari, mistari, imechongwa kwenye kitako cha hekalu, inakwenda kulia mpaka kona na inakata kona inaendelea. Pembeni yangu kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu, amekuja na wajukuu, akaniona nagusa yale maandishi kwa kidole. Akaniita thambi, yaani mdogo wangu, akaniuliza unatoka wapi, Tanzania, ahaa Tanzania, akasema thambi hicho unachogusa ni daftari la hesabu.

Nikamwambia rudia tena.

Akasogea. Ni Kitamil cha miaka elfu moja iliyopita, herufi zimebadilika lakini mwenye mazoezi anazisoma, akaweka kidole akawa anaburuza polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Akanieleza, hapa mfalme amekaa kwenye ukumbi wake anatoa amri. Amri yenyewe inasema hivi, tulivyotoa sisi, na alivyotoa dada yetu mkubwa, na walivyotoa wake zetu, na walivyotoa wengine wote waliotoa, vichongwe kwenye jiwe la hekalu. Na alivyofika kwa dada akasoma kwa sauti, "nam akkan". 

Akka! Lilelile la wodini. Kuna kitu kilinishika hapa kifuani, sijui niseme nini. Wiki nzima nasikia akka, akka lete maji, akka kaa, akka umeamka, kumbe neno lenyewe limekaa ukutani tangu 1010 na lina maana ileile na mtu bado analitamka vilevile. Huyo dada anaitwa Kundavai, na kwenye orodha ya michango amekaa juu, kabla ya wake wa mfalme. Alitoa dhahabu, alitoa sanamu, na kati ya sanamu alizotoa zipo za baba yao na mama yao.

Kuanzia hapo nilimng'ang'ania yule mwalimu mpaka wajukuu wakaanza kulia njaa, nikawanunulia aiskrimu tukaendelea. Na niliporudi Dar nimeendelea kusoma kuhusu yale maandishi usiku usiku, kwa hiyo mengine nayasema hapa niliambiwa pale na mengine nimeyafuata mwenyewe baadaye.

Ni leja, jamani. Ni leja kabisa. Kile chungu cha juu mnarani kimeandikwa, mfalme alikitoa siku ya 275 ya mwaka wa 25 wa utawala wake, shaba yake uzito palam 3,083 (palam na kalanju ni vipimo vyao vya uzito), na dhahabu iliyokifunika kalanju 2,926 na nusu. Na nusu! Mfalme anayetawala sehemu kubwa ya kusini ya India na sehemu ya Sri Lanka, na karani wake hakubali kuiacha ile nusu. Vito navyo vimeandikwa kipande kwa kipande, mkufu una lulu ngapi, ngapi za duara, ngapi sio duara sana, ngapi zina nyufa, halafu uzito, na wanakuambia uzito huo ni pamoja na uzi na ulimbo uliogundishia mawe. Dhahabu inapimwa kwa jiwe la mzani lenye jina lake rasmi, Adavallan, ni jina la Shiva anayecheza ngoma, na vito vina jiwe lake jingine. Nimefanya kazi na ofisi ambazo rejista ya mali imeandikwa "viti, vingi". Sitaji.

Halafu ikaja orodha ya wafanyakazi, hapa ndo nilikaa chini kabisa. Wanawake 400 wa kucheza ngoma za hekalu, waliletwa kutoka mahekalu mengine ya ufalme, na wote 400 wameandikwa. Jina, hekalu alikotoka, na nyumba aliyopewa, mtaa gani, safu gani ya mtaa, nyumba namba ngapi. Kila mmoja fungu lake kwa mwaka, kalam 100 za mpunga, kalam ni kipimo chao cha nafaka. Baada yao wanakuja walimu wa ngoma, wapiga ngoma, wapuliza makombe, wabeba miavuli, wanyunyizia maji, mafinyanzi, madobi, mafundi cherehani, sonara, seremala, wahasibu (tupo!), na kinyozi. Kinyozi amepewa cheo chenye jina la mfalme ndani yake, ni kinyozi mkuu wa Rajaraja. Na fundi mkuu aliyechora na kusimamia jengo lote naye yumo, Kunjara Mallan, cheo chake fundi mkuu wa Rajaraja. Kinyozi na mchoraji ramani, ukuta mmoja, cheo cha aina moja.

Na kuna kanuni za utumishi. Mtu akifa au akihama, ndugu yake wa karibu ndo atapokea lile fungu na kufanya ile kazi. Kama ndugu haiwezi kazi, basi atafute anayeiweza, afanye. Hamna nafasi ya kurithi mshahara bila kurithi jasho. Niliisoma hiyo nikacheka peke yangu.

Pesa nazo hazikukaa tu kwenye kapu. Hekalu lilikuwa linakopesha mabaraza ya vijiji, na riba ilikuwa moja ya nane kwa mwaka, asilimia 12.5, wanalipa kwa fedha au kwa mpunga, na hiyo riba ndo inanunua kafuri, iliki, maua, chakula cha sherehe. Mtaji hauguswi. Sisi watu wa pwani na wa bara wenye kujua wakfu hatuhitaji kuelezwa, shamba linabaki, matunda ndo yanaliwa. Vijiji kibao vilipangiwa kuleta mapato yao pale, mpaka vya Sri Lanka.

Sitaki mdhani nimelewa kabisa. Ukuta huohuo, bila haya, unasema sehemu ya vyombo vya fedha na dhahabu ilitokana na hazina zilizotekwa mfalme alipowapiga Wachera na Wapandya, majirani zake. Imeandikwa kama tunavyoandika chanzo cha fedha kwenye ripoti. Na wale wanawake 400, walihamishwa, hakuna mstari unaosema waliulizwa. Na waliokata graniti na kuiburuza kwenye matope yale hawana mstari hata mmoja wa majina. Kwa hiyo leja ni safi lakini leja huandika kile mwenye leja anachotaka kionekane, hilo nalijua kwa kazi yangu kuliko ninavyolijua kwa historia.

Na kitu cha ajabu kingine, pamoja na maandishi yote hayo, ilifika kipindi watu wakasahau nani alilijenga. Karne zilipita, herufi zikabadilika, hadithi zikampa sifa mfalme huyu na yule, mpaka mwishoni mwa karne ya 19 Mjerumani mmoja mtaalamu wa maandishi ya kale, Hultzsch, alipokaa akayasoma ukutani na kuyachapisha, ndo Rajaraja akarudishiwa jengo lake. Miaka mia nane na zaidi jibu lilikuwa limechongwa palepale, watu wanaliegemea wanakula ndizi kama mimi.

Vitu vingine nilivyotamani kuona sikuona. Ule ujia kati ya kuta mbili umefungwa kwa watu wa kawaida, na ndani yake kuna michoro ya rangi ya enzi za Chola, ilipigwa kwenye plasta ya chokaa ikiwa bado mbichi. Watawala wa baadaye, Wanayaka, karne ya 17 walichora juu yake, na ya zamani ikapotea chini ya mpya hadi mwalimu wa chuo kikuu anaitwa Govindaswami alipoiona miaka ya 1930 mwanzoni sehemu plasta ilipobanduka. Ghorofa ya juu yake kuna Shiva amechongwa akicheza, mkao baada ya mkao. Mikao ya ngoma kwenye vitabu vyao vya kale ni 108. Iliyochongwa ni 81. Mawe 27 ya mwisho yapo, yamepangwa kwenye nafasi zake, hayana kitu. Niliomba niruhusiwe hata nichungulie, askari akanitikisia kile kichwa chao ambacho hujui ni ndiyo au hapana, ilikuwa hapana. Ila hayo mawe 27 nayafikiria mara nyingi. Fundi aliweka patasi chini siku fulani jioni, akijua kesho ni wa 82.

Kuta za ukumbi unaozunguka uwanja nazo zina maandishi, lakini ya wengine. Wamaratha walikuja kutawala Thanjavur baadaye, na Serfoji wa Pili mwaka 1803 akachongesha historia ya ukoo wake kwa Kimarathi, mirefuuu. Kila anayekuja anataka aandike. UNESCO waliliingiza kwenye urithi wa dunia 1987. Mwaka 1997 wakati wa sherehe ya kulitakasa upya palitokea moto kwenye vibanda vya makuti, watu zaidi ya 40 wakafa, mwalimu aliniambia hilo kwa sauti ya chini wajukuu wasisikie.

Siku ile niliyofika ilikuwa bahati pia, ilikuwa Mattu Pongal, siku ya kuwashukuru ng'ombe. Mbele ya hekalu kuna Nandi, fahali wa Shiva, jiwe moja la tani zaidi ya ishirini, yeye sio wa Rajaraja, aliwekwa enzi za Wanayaka. Siku hiyo wanamvisha mboga. Sifanyi utani. Biringanya, karoti, maboga, matango, bamia, ndizi, machungwa, amefungwa mashada kuanzia pembe mpaka mkia, mzigo wa sokoni mzima, kaniki ya mboga. Na ng'ombe wa kweli wameletwa wamepakwa rangi pembeni wanaziangalia zile karoti kwa uchungu. Mtoto mmoja alichomoa bamia akapigwa kofi na bibi yake, na bibi akaila ile bamia.

Kama unajiuliza hawa Wachola na sisi tulikutana wapi, kuna kitu kimoja nakipenda. Shanga, kisiwa cha Pate kule Lamu, wachimbaji wa mambo ya kale walipata kasimba kadogo ka shaba, ka tangu mwaka 1100 hivi, na muundo wake ni wa Kihindi, wa vile vitu vya ibada vya nyumbani. Kasimba kenyewe kanaenea kiganjani. Sisemi kalitoka Thanjavur. Nasema tu kwamba wakati ukuta ule ungali mpya, bahari ilikuwa inapitika.

Nilirudi Chennai usiku uleule. Majibu yalikuwa yametoka na yalikuwa mazuri kuliko tulivyoogopa, mama mdogo amekaa kitandani anasukwa na nesi akka. Nikaanza kumhadithia. Mnara haukumshangaza, akasema mmh. Tembo wa kumezwa, mmh. Nikaona nimpe kile kilichonishinda mimi mwenyewe kwenye leja, ile hesabu ya kondoo.

Iko hivi. Mtu akitaka kutoa taa iwake hekaluni milele, anatoa kondoo jike 96. Au ng'ombe 48. Au nyati wa kufugwa 16. Wanyama wanakabidhiwa wafugaji, majina yao yameandikwa, na kila mfugaji analeta samli kipimo kidogo kinaitwa ulakku kila siku ya Mungu, kwa taa hiyo moja. Na wale kondoo kwenye maandishi ya zama zile wanaitwa kondoo wasiokufa wala wasiozeeka. Nikamwambia mama mdogo, sasa hapo ndo wananichanganya, mali hai haiwezi kukosa kuchakaa, sisi kwenye hesabu kila kitu kinapungua thamani, huwezi kuandika kondoo hafi.

Mama mdogo ni wa Kondoa, baba yake alikuwa na mifugo ya kutosha. Aliniangalia kwa huruma kabisa.

"Wewe nawe na shule yako. Hao si mifugo ya kutunziwa? Akifa mmoja anahesabiwa mtoto wake. Idadi ndo haifi."

Nikanyamaza. Akamwambia nesi kwa ishara ashike hapohapo kwanza, akageuka.

"Hicho kipimo cha samli kikubwaje?"

Nikamwonyesha kale kaglasi ka chai kalikokuwa mezani, kama hivi.

"Kwa kondoo tisini na sita? Kwa siku?" Akapiga hesabu zake kwenye vidole, midomo inachezacheza, ndoo ngapi, chuchu ngapi, za kunyonyesha ndama weka pembeni, akarekebisha, vitoto vya kondoo. Halafu akacheka mpaka nesi akamwekea mkono kifuani kumkumbusha moyo.

"Huyo mfalme na mawe yake yote," akasema, "wachungaji walikuwa wanakula vizuri sana."